Tuanzishe Baraza la Waandishi Kila Kata



Mambo mengi yanayotuumiza hatuyasemi. Bibi anayelea wajukuu baada ya binti yake kufariki hamwambii mtu anavyohangaikia sare na madaftari. Kijana aliyemaliza chuo akaishia kuendesha bodaboda huona haya kupita nyumbani kwa waliochangia ada yake. Mvuvi anarudi pwani mikono mitupu na kujilaumu kwamba bahati imemkimbia. Kila mmoja hubeba lake kama aibu ya nyumba yake peke yake, na kwa kuwa wote tumenyamaza, hakuna anayejua kwamba jirani naye ana lile lile. Wahenga walitwambia: mficha uchi hazai.

Nawaomba jambo moja. Katika kila kata, mjini na kijijini, tuanzishe baraza la waandishi: watu kumi au kumi na watano wanaokutana mara moja kwa wiki, wakaandika hadithi, mashairi na michezo ya kuigiza kuhusu maisha wanayoyajua, wakasomeana, kisha wakawasomea majirani zao.

Kwa nini hadithi, na si barua ya malalamiko? Kwa sababu malalamiko humtafuta wa kumlaumu, akishapatikana tunatulia. Hadithi haikuachii upesi hivyo. Ukiamua kuandika kisa cha binti aliyeacha shule, huwezi kuishia kusema alipata mimba. Itakubidi ujue alitoka nyumbani saa ngapi, shule iko umbali gani, nani alimpa lifti siku ya mvua, na kwa nini hakuthubutu kumwambia mama yake. Itakubidi umpe baba yake maneno ambayo baba wa kweli angeyatamka. Ukifika mwisho utakuwa umegundua kwamba msiba ule ulianza zamani, pale kijiji kilipokubali watoto watembee masafa yale bila bweni. Na kama umeandika kwa ukweli, utajikuta na wewe umo ndani ya kisa: ndiwe yule jirani aliyemwona binti akipanda pikipiki kila jioni, akageuza uso. Kujitambua kwenyewe ni huko. Mtu aliyekwisha kujiona hivyo hawezi tena kukaa kimya kwenye mkutano wa kijiji.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao hadi leo unasomwa na kubishaniwa. Shaaban Robert alikuwa karani katika serikali ya kikoloni. Aliandika maisha yake mwenyewe, pamoja na uchungu wa kufiwa na mke, na mtu huyo huyo mwaka 1951 akatupatia Kusadikika, kisa cha nchi ya kubuni ambamo Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Aliyeuchunguza moyo wake ndiye aliyeweza kuichunguza nchi.

Wenye mamlaka nao wameijua nguvu hii ya hadithi. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi wa viwandani na mashambani waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wanakijiji waliusikiliza mswada, wakausahihisha, kwa kuwa maisha yaliyosimuliwa yalikuwa yao. Serikali iliupiga marufuku, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka 1982 ukumbi ule ukabomolewa. Hakuna anayehangaika kubomoa kitu kisicho na nguvu.

Hapa Tanzania tunao mfano wa amani. Mwaka 1996 wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana, walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walichambua wenyewe yanayowakwamisha masomoni, wakayatungia maigizo, wakayaonyesha mbele ya walimu na wenzao, kisha wakajadiliana hatua za kuchukua. Mpango huo ukavuka mipaka ukaenda nchi nyingine za Afrika. Kilichowezekana kwa wasichana wa sekondari kinawezekana kwa wauza mboga, mafundi na wastaafu.

Wako watakaosema hawana muda. Lakini wanachama wa VICOBA hukutana kila wiki bila kukosa. Nusu saa baada ya kuweka hisa inatosha kusoma kisa kimoja. Wako watakaosema hawakusoma. Asiyejua kuandika na asimulie, kijana amwandikie, kisha amsomee asahihishe. Na wako wanaohofia siri zao. Hofu hiyo ni ya haki, kwa hiyo kila baraza liwe na masharti tangu siku ya kwanza: majina na mahali vibadilishwe, kinachosomwa barazani kisibebwe nje bila ruhusa ya mwenyewe, na kisa cha mtoto kisianikwe kamwe.

Walimu wa Kiswahili, fungueni madarasa yenu Jumamosi. Wakutubi, tupeni meza na viti. Wenyeviti wa mitaa na vijiji, tupangieni nafasi kwenye mikutano yenu, kisa kimoja kisomwe kabla ya ajenda. Watangazaji wa redio za jamii, tutengeeni kipindi. Wenye maduka, changieni madaftari na kalamu. Wazazi, msiwakaripie watoto mnapowakuta wanaandika. Waulizeni wanaandika nini, kisha msikilize hadi mwisho.

Na wewe unayesoma maneno haya, watafute watu watano wiki hii. Kaeni chini ya mwembe au kibarazani. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu siku aliyotaka kusema jambo akashindwa. Msisahihishane herufi kwanza. Ulizaneni nini kilimfunga kila mmoja mdomo. Majibu yakianza kufanana, hapo mmepata kazi ya baraza lenu.

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka huu tusiishie kwenye hotuba za kukisifu Kiswahili. Siku hiyo kila baraza litoke mbele ya watu wake, shuleni, sokoni au uwanja wa kijiji, lisome kilichoandikwa, na kabla watu hawajatawanyika waulizwe: katika haya tuliyoyasikia, lipi tunaanza kulirekebisha, na nani analisimamia? Majina yaandikwe pale pale.