Lessor, lessee na shamba la mjomba

Jamani, kuna picha inazunguka kwenye simu za wanahabari wenzangu hapa Dar: kibao cha duka la Korogwe kimeandikwa "STATIONARY". Wanacheka hadi machozi. Kweli, yenye "a" ni kitu kilichosimama, hakisogei, kama basi bovu pale Segera. Yenye "e", stationery, ndiyo kalamu na madaftari. Haya, tumecheka. Mwenye duka amepoteza nini? Wateja wanaingia, wanatoa fotokopi, wanaondoka.

Mimi nina kosa lisilochekesha. Mjomba wangu wa Handeni aliletewa mkataba wa kukodisha shamba lake, kurasa nne za Kiingereza kitupu. Ni mzee wa darasa la saba, kasoma kwa Kiswahili mwanzo mwisho. Akaonyeshwa mahali pa kusaini, akasaini. Pameandikwa "lessee". Yaani kwenye karatasi mjomba ndiye mkodi wa shamba lake mwenyewe! Nikapigiwa simu nikausome, na mimi na digrii yangu nikafungua kamusi kwanza. Lessor ndiye anayetoa, lessee ndiye anayepokea. Herufi mbili tu, na shamba lipo katikati.

Kiswahili kingemwokoa: huyu anakodi, yule anakodisha. Anakopa, anakopesha. Mtoto wa Sindeni hachanganyi hapo. Tunakoponzwa ni kwenye "azima", ambayo inakwenda pande zote: naazima kwako, nawe unaniazima. Ndiyo maana mwanafunzi wa kidato cha kwanza anasema "borrow me your pen". Si mjinga, anatafsiri. Sahihi ni "lend me your pen", kwani lend ni ya mwenye kitu na borrow ni ya mwenye shida. Dakika mbili za mwalimu zinatosha, lakini wengi tulipewa kicheko na jina la utani.

Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili. Sasa mkataba wa shamba la Handeni, kati ya Watanzania wawili, unaandikiwa Kiingereza ili asome nani? Tulibishana wiki nzima ndipo ukaandikwa upya, ukurasa mmoja na nusu. Mjomba alisoma mwenyewe, akakataa kifungu cha tatu.

Nikirudi Dar nilishuka Korogwe, nikamwambia yule mwenye duka kuhusu ile "a". Akasema fundi wa kibao ndiye aliyeandika, na rangi imeshaisha.