KUHARA SI AIBU

Mkulima wa Msowero, wilayani Kilosa, kama mwenzake wa kiwandani, akishikwa na kuhara huona haya kusema, akajikaza kwenda kazini. Wengine hujinyima maji wakidhani tumbo litafunga. Hilo ni kosa kubwa. Kiuacho upesi ni kuishiwa maji na chumvi mwilini.

Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko India, kipindupindu kiliua karibu wagonjwa 30 katika kila 100. Walipoanza kunyweshwa maji ya chumvi na sukari, vifo vilishuka chini ya 4.

Dawa hiyo yatengenezeka nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa, visirundikwe. Mgonjwa anywe kila atokapo chooni, wala asiache kula. Akiona damu, homa kali, choo kama maji ya mchele, au mkojo ukikatika, apelekwe zahanati mara moja.

Ndugu wakulima na wafanyakazi, jembe laweza kungoja siku mbili. Kiu ya mwili haingoji.