Likizo ya Desemba: Mtoto Mkubwa si Yaya



Shule zikishafungwa mwezi wa Desemba, furaha ya watoto haina kifani. Madaftari huwekwa kando, sare hufuliwa na kukunjwa, na kwa siku mbili tatu nyumba hujaa vicheko. Kisha huingia wiki ya pili. Yule wa miaka 11 anasema hana la kufanya. Wa miaka 7 anamchokoza wa miaka 4. Wa miaka 4 analia, na mdogo wa mwaka mmoja na nusu, asiyejua hata ugomvi umeanzia wapi, naye anaangua kilio. Ikifika saa sita mchana mama ameshapaza sauti mara kumi, na shule bado sana kufunguliwa.

Mama mmoja aliniambia kliniki, "Sista, kama wangekuwa wa umri mmoja ningewaweza. Hawa kila mmoja anataka lake." Mama huyo alisema kweli, na kwa sababu hiyo nimeona mwezi huu tulizungumzie jambo hili.

Kwanza, hebu tuwaelewe watoto wenyewe. Mtoto wa chini ya miaka 3 kwa kawaida hachezi na wenzake, bali hucheza kando yao. Anapenda kumimina, kujaza, kubomoa na kutia kitu mdomoni. Wa miaka 3 hadi 5 anapenda kujifanya: leo ni mama, kesho ni dereva wa basi. Wa miaka 6 hadi 9 anapenda mchezo wenye sheria, na ole wake atakayezivunja. Kuanzia miaka 10 na kuendelea mtoto anataka kuaminiwa, apewe jambo la maana alisimamie. Kwa hiyo, mdogo anapobomoa nyumba ya matope ya kaka yake, si mkorofi. Anafanya kazi ya umri wake.

Basi, siri ni hii: usitafute michezo minne kwa watoto wanne. Tafuta mchezo mmoja wenye nafasi nne. Nitatoa mifano michache isiyohitaji fedha.

Duka. Kusanya makopo matupu, maboksi ya sabuni na majani ya mti wowote usio na sumu. Wa miaka 4 ndiye muuzaji. Wa miaka 7 anapokea fedha za karatasi na kurudisha chenji, na hapo anajifunza kutoa na kujumlisha bila kujua kwamba anasoma. Wa miaka 11 anaandika daftari la mali na madeni. Mdogo anapewa kopo lake na kikombe cha plastiki, ajaze na kumwaga mchanga atakavyo. Vifuniko vya soda visitumike kama fedha mahali alipo mdogo, maana vitaishia mdomoni.

Rede. Wawili wanarusha mpira wa matambara, na aliye katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Wa miaka 4 hawezi kushindana na wakubwa, lakini anaweza kuwa mletaji wa mpira unapotoka nje. Mpeni cheo hicho kwa heshima, naye hatalia kwamba ametengwa.

Bao. Chimbeni mashimo ardhini, tumieni kokoto au kete za komwe. Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64, lakini wanaoanza waweza kuchimba machache. Huu ni mchezo wa wakubwa wawili wakati mdogo amelala. Akiamka, kete zinakusanywa na kuhesabiwa, maana kete moja ikibaki chini mdogo ndiye atakayeiona.

Bustani. Mbegu za mchicha huota ndani ya siku chache, na baada ya wiki tatu hadi nne majani yanaweza kuchumwa. Likizo haiishi kabla ya mboga kufika mezani. Mkubwa anatengeneza tuta, wa kati anasia mbegu, wa miaka 4 anamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu, na mdogo anachezea udongo pembeni. Kila mtoto awe na kipande chake cha tuta, hata kama ni cha hatua moja.

Siku nayo iwe na mpangilio. Asubuhi wakati wa ubaridi, kazi ndogo za nyumbani kisha michezo ya kukimbia. Jua likiwa kali, mdogo alale na wengine wachore, wasome au watengeneze magari ya maboksi. Jioni warudi uwanjani. Baada ya chakula cha usiku, hadithi na vitendawili, na kila mmoja apate zamu ya kutega, hata yule ambaye kitendawili chake hakina jibu.

Televisheni na simu zisishike nafasi ya haya yote. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asitazame zaidi ya saa moja kwa siku, na wa chini ya hapo asiwekwe mbele ya kioo kabisa. Aliye na mwaka mmoja hadi minne anahitaji dakika 180 au zaidi za kuchezesha mwili kila siku.

Sasa niseme juu ya ugomvi. Wengi wetu tuna neno moja la kuumaliza: "Mwachie, yeye ni mdogo." Neno hilo likisemwa kila siku, mkubwa anajifunza kumchukia mdogo wake, na mdogo anajifunza kwamba kilio ndicho ufunguo. Mpe kila mtoto boksi lake la vitu visivyoguswa bila ruhusa. Vinavyobaki ni vya wote, na hutumika kwa zamu.

Lakini lipo jambo linalonigusa zaidi. Mara nyingi huyo mkubwa ni msichana, na likizo kwake maana yake ni kumbeba mdogo mgongoni tangu asubuhi hadi jioni. Kaka yake yuko uwanjani, yeye yuko kwenye ndoo ya nepi. Januari anarudi darasani amechoka kuliko alivyotoka. Akina mama, kusaidia nyumbani ni malezi mema, lakini apate angalau saa mbili kila siku ambazo ni zake mwenyewe, na kaka yake naye ashike zamu ya mdogo. Mvulana hapungukiwi kitu kwa kumlisha mdogo wake uji.

Tena, kuna hatari. Mtoto wa miaka 11 anaweza kumchezesha mdogo wake. Kumlinda ni kazi ya mtu mzima. Hakuna mtoto awezaye kujificha katika kombolela na wakati huohuo kumwangalia anayetambaa kuelekea jikoni. Mtoto mdogo ana kichwa kizito. Akiinamia ndoo hutangulia kichwa, na maji ya kina kidogo tu yanatosha kumzamisha, tena bila kelele. Kwa hiyo:

1. Mwaga maji ya ndoo na karai ukishamaliza kazi. Pipa na kisima vifunikwe.

2. Jiko la mkaa na sufuria ya moto viwe mahali asipofika. Akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

3. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali.

4. Aliye chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, na betri ndogo za duara zifichwe mbali. Akimeza betri hiyo, usisubiri kuona itakuwaje. Mpeleke hospitali mara moja.

Utasema, "Sista, mimi niko sokoni tangu alfajiri, nitawalinda saa ngapi?" Nalijua hilo, maana nami naingia zamu. Ongea na majirani wawili unaowaamini, mgawane siku: leo watoto wote kwa mama huyu, kesho kwa yule, na bibi kama yupo awe mkuu wa wote. Waulizeni pia walimu wa shule ya Jumapili kama wanaweza kufungua uwanja wa kanisa asubuhi mbili kwa wiki. Mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine saa hiyo ni bora kuliko watatu wanaochungulia dirishani huku wakipika.

Usiku wa leo, kabla hawajalala, muulize yule mkubwa jambo moja tu: angependa kufanya nini likizo hii kama siku moja ingekuwa yake yote? Kisha tafuta siku hiyo.

Nawatakia likizo njema na yenye afya.