Nani Kaunguza Fyuzi?

Mwezi huu tuweke kando habari za maua na chakula cha usiku kwa mwanga wa mishumaa. Tuongee gari. Ndiyo, gari! Nyumba nyingi za vijana wenye kazi mjini, ukitoa kodi ya nyumba, hakuna kinachozusha maneno kama kile kigari cha Japani kilichonunuliwa kwa mkopo.

Kwetu maneno yalianzia kwenye taa. Si taa kubwa za mbele, hizo zilikuwa zikiwaka vizuri tu. Ni zile ndogo: taa za nyuma, taa ya kibao cha namba na mwanga wa dashibodi. Zote kwa mpigo, giza. Na hapo pana hatari ambayo wengi hatuijui. Kwenye Toyota nyingi taa hizo ndogo zinategemea fyuzi moja, ile iliyoandikwa TAIL kwenye kifuniko, na taa kubwa zina fyuzi zake mbali. Kwa hiyo wewe uliyekaa kwenye usukani unaona barabara nyeupee mbele yako, kumbe kwa anayekuja nyuma gari lako halipo. Fikiria njia ya Nungwi usiku, karibu kilomita 60 kutoka mjini, baiskeli, magari ya ng'ombe, na dereva wa watalii anayewahi ndege. Ukiona dashibodi imezima ghafla, tafuta pahala pa kusimama, shuka, kaangalie nyuma.

Sasa mume wangu alikuwa na hoja yake. "Mbona inaungua ukiendesha wewe tu? Mimi naenda nalo kazini wiki nzima, salama." Na kilichoniudhi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Siku nikipitia Darajani jioni kununua mahitaji, fyuzi imekwenda. Basi neno "unaendesha vibaya" likazoeleka nyumbani, na wenye ndoa mnajua, neno likishazoeleka linahama: leo gari, kesho chumvi kwenye mchuzi.

Fundi wa kwanza hakutafuta chochote. Alichomoa fyuzi ya ampea 10 akataka kuchomeka ya 30. "Hii haitoungua tena, dada." Nikamwambia airudishe ile ndogo. Akakunja uso, akasema basi tung'oe nyaya zote za nyuma tuweke mpya, shilingi 350,000. Usiku ule tulizozana mpaka saa sita, mimi na mwenzangu, juu ya pesa ambazo hatukuwa nazo.

Hebu tupige hesabu pamoja, si ngumu. Taa ndogo mbili mbele, mbili nyuma, mbili za kibao cha namba, kila globu wati 5. Jumla wati 30. Gawa kwa volti 12 za betri, unapata ampea 2 na nusu. Fyuzi ya 10 imebakisha nafasi tele. Ikiungua, tatizo si udogo wake. Kuna waya umechubuka unagusa bodi, umeme unakata njia ya mkato kurudi kwenye betri bila kupita kwenye globu. Hiyo ndiyo shoti. Ukiweka fyuzi ya 30, au ile karatasi ya fedha ya paketi ya sigara (nimeiona kwa macho yangu, tena kwenye gari la mtu msomi!), shoti bado ipo. Ila sasa kitakachoungua ni waya wenyewe, chini ya zulia, pale unapomkalisha mtoto. Afadhali nitembee na fyuzi za shilingi mia tano kwenye mkoba.

Fundi wa pili nilielekezwa Mlandege, nyuma ya maduka, mzee mmoja mpole, kigoda na testa. Swali lake la kwanza halikuhusu gari. "Mwanangu, inapoungua huwa unafanya nini?" Nikamwambia napakia mahitaji. Akatikisa kichwa kama daktari.

Akachukua globu ya taa kubwa, wati 55, akaiunga kwa nyaya mbili pale fyuzi inapokaa, akawasha taa. Ujanja wake ni huu: shoti ikiwepo, globu inawaka kwa nguvu zote, lakini hairuhusu zaidi ya ampea kama 4 na nusu, kwa hiyo hakuna kinachoungua na unatafuta kwa raha zako. Mwanzo iliwaka kwa kufifia, na taa za nyuma zikawaka kidogo. Maana yake salama. Akaniambia fungua mlango wa nyuma. Taratibu. Ulipofika nusu, globu ikalipuka mwanga, taa za nyuma zikazima. Nikauteremsha, ikafifia. Nikaupandisha, ikawaka. Nilicheka peke yangu.

Pale kwenye bawaba kuna mpira mweusi umefunika nyaya zinazokwenda kwenye taa ya kibao. Kila ukifungua mlango zinakunjwa, ukifunga zinanyooka, miaka nenda miaka rudi, Japani na hapa. Alipouvuta mpira, waya mmoja ulikuwa umepasuka ganda, shaba imeota kutu ya kijani kwa hewa yetu ya chumvi, inagusa bati. Sisi wa Unguja tunayajua haya: kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani kwa hitilafu ya njia moja tu ya umeme kutoka Bara.

Alikata kipande kibovu, akaunga kipande kipya kirefu kidogo kisivutwe, akachomea risasi, akafunga tepu, akarudisha fyuzi ya 10. Shilingi 20,000, pamoja na maji ya kunywa.

Mume wangu kazini hafungui mlango wa nyuma, begi lake hukaa kiti cha mbele. Mimi sokoni nafungua, jioni, taa zikiwa zinawaka. Nilimweleza yote. Hakusema neno. Alitoka nje, akawasha taa, akafungua na kufunga ule mlango mara nne, kila mara anachungulia dashibodi. Kisha akaniuliza Darajani tunahitaji nini, ataenda yeye.