Magari yaachwe Uthiru, si Westlands

Mkazi wa Spring Valley anayeenda mjini asubuhi huwasha gari, akateremka Lower Kabete Road hadi Westlands, na hapo akakwama kwenye msongamano. Ameketi, dirisha wazi, akivuta moshi wa lori lililo mbele yake. Moshi huo si kero ya pua tu. Mnamo 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Ndiposa wengi wanaunga mkono wazo la viwanja vya kuegesha magari kando ya njia ya mabasi, mtu aache gari apande basi. NaMATA, mamlaka ya uchukuzi iliyobuniwa 2017, imechora njia ya mabasi ya kasi iitwayo Ndovu, itakayofuata Waiyaki Way. Nami naunga mkono. Lakini viwanja viwe wapi?

Si Westlands. Kutoka Spring Valley hadi pale ni kilomita chache tu, na injini baridi ndiyo hutoa sumu nyingi. Kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi hakifanyi kazi vyema mpaka kipate moto. Kwa hivyo mwenye gari atakuwa amewamwagia majirani sehemu kubwa ya moshi wake, kisha aegeshe na kujiona mwema! Isitoshe, magari yatazidi kujazana pale pale abiria wanapongojea matatu.

Mjini Oxford, Uingereza, ambako mpango huu umekuwapo tangu 1973, viwanja vimewekwa pembezoni mwa mji. Kwetu hapo ni Uthiru au Kikuyu, kabla mtu hajaingia kwenye msongamano. Nauli na ada ya kuegesha zilipwe pamoja, zisizidi gharama ya kuegesha mjini.

Na wa Spring Valley? Huyo anahitaji kijia cha miguu, taa na vivuko. WHO hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Nusu saa ya kutembea kwa haraka hadi steji, siku tano, inatimiza hizo bila kulipia jimu.

Mayaya, walinzi na watunza bustani wa mtaa huo tayari hutembea hivyo kila siku. Wahandisi wawaulize wao kwanza ni wapi panapotisha kuvuka.