Msondo Haumo Katika Flashi

Vijana wenzangu wa midundo, leo nataka tugombane kidogo. Tugombane kindugu, maana tukiendelea kunyamaziana tutakuja kuuziwa ngoma zetu wenyewe, tena kwa dola.

Ingia studio yoyote ya chumbani, iwe Tanga mjini, iwe Pangani, iwe hapa kwetu Kigombe. Utakuta kompyuta moja, spika mbili, FL Studio iliyochakachuliwa, na flashi iliyojaa sauti zilizopita mikono kumi. Prodyuza anataka ngoma. Anafungua faili lililoandikwa “Afrika”, anabonyeza, inalia. Ngoma ya nani? Ya wapi? Kaipiga nani? Hajui, wala haulizi. Anaipanga mara nne, anaikimbiza, kisha anatuambia huo ndio muziki wa asili wa Pwani. Asili gani hiyo, bwana wee? Mtaa wa pili yupo mzee anayejua kuwamba msondo na kuupasha moto mpaka ngozi iseme. Hajawahi hata kupigiwa hodi.

Msinielewe vibaya. Simo katika kundi la wale wanaolalamika kwamba kompyuta imeua muziki. Watu wa Tanga ndio wa mwisho kusema maneno hayo. Miaka ya 1960 Black Star Musical Club ya hapa Tanga iliichukua taarabu ikaitia magitaa ya umeme na besi, ikaichezesha, na vikundi vya Mombasa hadi Burundi vikaiga. Marehemu Bi Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, aliimba na Black Star na baadaye Lucky Star, na sauti yake haikupotea kwa sababu ya waya za umeme. Gitaa la umeme halikuchimbwa Pangani. Lililetwa, likafundishwa adabu, likasema Kiswahili.

Na si Tanga peke yake. Vijana wa uswahilini Dar es Salaam walivichukua vinanda vidogo vya Casio, wakavipitisha kwenye vipaza sauti vya kuungaunga, wakapata mchiriku. Jagwa Music walifika nao Ulaya, albamu yao ikatolewa Ubelgiji mwaka 2012. Singeli nayo ilianza kwa kukata vipande vya taarabu na kuvikimbiza mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikautolea mkusanyiko wa Sisso. Hao hawakungoja kuletewa sauti iliyoandikwa “Afrika”. Walianza na kilichokuwa kinalia mtaani kwao. Ila na wao nina swali nao: yule mpiga kinanda wa taarabu aliyekatwa kipande alipata nini?

Sasa tuseme wazi sampla ni nini. Haina uchawi. Ni ghala la sauti. Mtu alikaa na kipaza sauti, akamwomba mpigaji apige pigo mojamoja: la taratibu, la wastani, la nguvu, katikati ya ngozi, halafu ukingoni. Kila pigo likapewa kitufe chake. Ukibonyeza kwa upole linatoka pigo la upole, ukigonga linatoka la nguvu. Mafundi hurekodi pigo lilelile mara nne au tano ili mashine ibadilishebadilishe, sikio lisichoke. Basi, ni hayo tu. Kwa hiyo kila sauti iliyorekodiwa humo ilitoka katika mkono wa binadamu. Ama alilipwa, ama alitoa kwa ridhaa yake, ama alidhulumiwa.

Kampuni ya Native Instruments ya Berlin imekwisha kuuza mkusanyiko mzima wa ala za Afrika Magharibi: kora, balafoni, djembe na kadhalika. Kijana wa huku akiupata, anaichukua djembe ya Mali na Guinea anaipachika kwenye chakacha. Djembe ni ngoma nzuri, lakini chakacha haiijui. Ni kama kumwalika mgeni mwenye heshima zake, halafu ukamtaka yeye ndiye afungishe ndoa ya binti yako.

Kinanda nacho hivyohivyo. Kimeigawa oktavu hatua 12 zilizo sawa, na mwimbaji wa taarabu anapita katikati ya hatua hizo kama mtu anayeijua njia ya panya. Programu nyingi zinaruhusu kuzisogeza noti hizo. Nani kati yenu amewahi kupagusa mahali hapo? Badala yake mnamlazimisha mwimbaji ajinyooshe afanane na mashine, mkimaliza mnamtia dawa ya kunyoosha sauti. Huo ndio ubwege ninaougombea.

Mtanijibu: vifaa ghali. Si kweli. Programu ya Audacity ni ya bure, na Decent Sampler ni ya bure. Kinachobaki ni kinasa sauti cha maana, ambacho vijana watano wakichangishana wanakipata, na miguu ya kutembea. Tembeeni basi. Rekodini msondo, chapuo, vumi, upatu, kayamba, zumari. Rekodini ngoma iliyopashwa moto na ile iliyolegea kwa unyevu wa kusi, kwa sababu zote mbili ni sauti za hapa. Andikeni kwenye faili jina la mpigaji, jina la kijiji na mwaka. Faili likiitwa “Afrika” limeshamzika mtu.

Na mlipe. “Mcheza kwao hutunzwa,” walisema wahenga, na kutunzwa si kupigiwa makofi. Andikianeni mkataba, hata wa karatasi moja: malipo ya siku ya kurekodi, na fungu la kila nakala itakayouzwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Nani ameisoma kijiweni?

Zipo pia ngoma zisizotoka. Ngoma za unyago, ngoma za uganga. Bibi akisema hii hairekodiwi, zima kinasa, unywe chai yako, ushukuru. Kila kitu si malighafi.

Watakuja wengine waseme: ukimtia mzee ndani ya kompyuta, utamnyang'anya kazi. Jamani, kazi gani? Harusi ngapi siku hizi zinakodi spika na kijana mwenye laptop? Mzee alikwisha kunyang'anywa, tena bila senti. Mimi nataka angalau jina lake na fungu lake virudi. Lakini nakubali jambo moja. Sampla inatunza pigo, haitunzi mazungumzo. Mpigaji humtazama mchezaji kiunoni, akachelewesha kidogo, akamchokoza, akamwachia. Hilo halirekodiwi, linafunzwa. Kwa hiyo prodyuza asiyewahi kukaa nyuma ya ngoma hata mwezi mmoja asituambie habari za asili.

Mwaka 2009 Serikali ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, na maji ya Kigombe yamo. Yote hayo kwa ajili ya samaki ambaye wataalamu wa dunia walidhani ametoweka, mpaka alipovuliwa mzima Afrika Kusini mwaka 1938. Ni jambo jema. Ila silikanti alijificha kwenye kina akasubiri. Mpigaji wa zumari hana kina cha kujificha. Akifa, amekwenda na pumzi yake.

Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla ya kufungua lile faili, toka nje. Kapige hodi.