Dizeli ya bei juu au ya kawaida? Kwanza uliza kama ni dizeli

Kuna swali limekuwa linanifuata kila ninapokaa na watu wenye magari ya dizeli: nijaze ile dizeli ya jina kubwa, wanayosema inasafisha injini na kuipa nguvu, au nibaki na hii ya kawaida? Wenye Prado wanauliza, wenye Hilux wanauliza. Mjomba wangu mwenye Hiace ya abiria naye kauliza, na ndiye hasa aliyenifanya niandike, maana alikuwa tayari kuanza kulipia zaidi kila siku kwa sababu tu mwenzake kijiweni kamwambia gari "litakuwa jepesi".

Jibu langu ni hili: kwa gari nyingi za dizeli zinazotembea kwenye barabara zetu, weka ya kawaida, lakini hakikisha ni dizeli kweli. Kazi iko kwenye hilo neno "kweli".

Tuanze na hiyo ya bei juu. Huko Ulaya unakuta pampu mbili zimesimama jirani, moja ya dizeli ya kawaida na nyingine yenye jina la kishua: Shell V-Power, BP Ultimate, Total Excellium. Kinachozitofautisha zaidi ni viambata vinavyochanganywa ndani. Kuna vya kazi ya sabuni, vinavyozuia masizi yasigande kwenye matundu ya nozeli. Kuna vya kuzuia kutu, vya kupunguza povu wakati wa kujaza, na vya kupandisha kidogo namba ya seteni (soma vizuri, sio shetani), yaani kipimo cha jinsi dizeli inavyowahi kuwaka ikishapuliziwa ndani ya silinda. Watu wengi hapa huchanganya hiyo na okteni. Okteni ni mambo ya petroli, na inapima kitu kilicho karibu kinyume chake: uwezo wa petroli kukataa kujiwasha kabla ya wakati.

Je, viambata hivyo ni utapeli? Hapana, na sitaki mtu aseme nimesema hivyo. Injini za kisasa za komoni reli, kama D-4D kwenye Hilux na Prado, hupuliza dizeli kwa mgandamizo mkubwa ajabu, zaidi ya mara elfu moja ya mgandamizo wa hewa tunayovuta, kupitia vitundu ambavyo huwezi kuviona vizuri kwa macho. Uchafu kidogo tu hapo, gari linaanza kukohoa, moshi mweusi, ulaji unapanda. Sabuni nzuri inasaidia, hasa kwa gari linalotembea kilometa nyingi. Lakini inasaidia taratibu, kwa miezi, na kwa gari ambalo mengine yote yako sawa. Yule anayekwambia kajaza tenki moja tu na gari likaanza kupaa, mwache na imani yake.

Na kama una injini ya zamani, 3L au 5L ya Hiace au 1HZ ya Land Cruiser, hizo zilitengenezwa kuvumilia. Kwenye hizo kulipia jina kubwa ni sawa na kumpaka punda manukato.

Nilikwenda kumwona mjomba nyumbani kwake, tukapiga hesabu kwenye karatasi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Haya msomi, niambie, niweke ipi?"

Nikamuuliza kwa siku anatumia lita ngapi. Akasema inacheza kwenye 30. Tukachukua mfano kwamba tofauti ya bei ni 100/= kwa lita. Hiyo ni 3,000/= kwa siku, na akitembea siku 26 ni 78,000/= kwa mwezi. Nikamuuliza mara ya mwisho filta ya dizeli ilibadilishwa lini. Mjomba akamwangalia dereva wake, dereva akaangalia chini. Taa ya filta kwenye dashibodi ilishawaka wiki nzima na wao wanatembea tu. Taa ile maana yake mara nyingi ni maji yamejaa chini ya filta. Unafungua koki, maji yanatoka, dakika chache umemaliza. Hakuna kiambata cha bei juu kitakachomwokoa mtu anayepeleka maji kwenye pampu.

Sasa tuje kwenye neno "kweli".

Wengi mnalikumbuka neno kuchakachua. Siku hizi tunachakachua kila kitu, kura, matokeo, mpaka mapenzi. Lakini lilipopamba moto miaka ya 2010 lilikuwa neno la sheli: kuchukua mafuta ya taa, kuyamwaga ndani ya dizeli, na kuuza mchanganyiko kwa bei ya dizeli. Sababu ilikuwa hesabu tupu. Ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa mdogo sana kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo yaliyowasha taa na majiko ya watu wa kipato cha chini. Mjanja akaona pengo hilo, akaligeuza kisima chake.

Anayeumia hapo ni nani? Injini kwanza. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu yenyewe na nozeli, hakuna oili nyingine inayofika huko. Mafuta ya taa ni mepesi na hayana ule utelezi. Chuma kinasagana na chuma. Kwenye gari la komoni reli vile vipande vidogo vya chuma vinasafiri mfumo mzima, na fundi akifungua anakutajia bei ambayo mwenye daladala anaona bora auze gari. Nimeshaandika habari za madereva walioachishwa kazi kwa tuhuma za kuua injini, na mpaka leo huwa najiuliza ni wangapi kati yao waliadhibiwa kwa kosa la mtu wa pampu.

Serikali ilichukua hatua mbili. Mwezi Septemba 2010 EWURA ilianza mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ya soko la ndani. Ni kemikali kidogo sana inayochanganywa kwenye ghala, kisha mkaguzi akipita kituoni na kupima, kiwango kikiwa kimepungua anajua humo mmeingizwa kitu kingine, ama mafuta ya taa, ama mafuta ya transiti yaliyotakiwa kwenda Zambia au Kongo bila kodi na yakaishia njiani. Hatua ya pili ilikuja na bajeti ya Juni 2011. Ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ya taa ukapandishwa kutoka 52/= hadi 400.30/= kwa lita, na ule wa dizeli ukashushwa kutoka 314/= hadi 215/=. Faida ya kuchanganya ikakauka. Kenya nao walifanya kitu kama hicho Septemba 2018, wakaweka tozo ya shilingi 18 za kwao kwa lita ya mafuta ya taa, na jina la tozo likasema wazi kuwa ni ya kupambana na uchakachuaji.

Je, ile ya 2011 ilikuwa sahihi? Kwa upande wa injini, ndiyo, nasema hivyo bila kigugumizi. Mwizi hazuiwi na mahubiri kama anavyozuiwa na kukosa faida. Lakini tuseme ukweli kuhusu nani alilipa. Bibi kijijini mwenye kibatari hajawahi kumiliki nozeli hata moja, na ndiye aliyepandishiwa mafuta ili Prado ya mjini ipone. Miaka ile nyaya za umeme zilikuwa hazijafika vijiji vingi na taa za sola zilikuwa bado bidhaa ya kushangaza. Mtoto wa darasa la saba alisomea mwanga uliopanda bei kwa sababu ya mfanyabiashara ambaye hata jina lake hakulijua. Kwangu hilo ndilo deni linalotakiwa kulipwa kwa ukaguzi wa kweli kwenye vituo. Haiwezekani bibi alipe halafu mchezo uendelee kwa mlango wa nyuma.

Ndiyo maana hizi habari za dizeli ya jina kubwa zinanipa mashaka kidogo. Tangu kuanza kwa uagizaji wa mafuta kwa pamoja, kati ya mwisho wa 2011 na mwanzo wa 2012, kampuni tofauti hugawana shehena ya meli moja. Dizeli ya rangi nyekundu na ya rangi ya kijani kwenye matangazo inaweza kuwa imeshuka bandari ya Dar siku moja. Hata salfa, ambayo zamani ilikuwa kilio kikubwa, Afrika Mashariki tuliweka kikomo cha 50 ppm kuanzia 2015. Ulaya wako kwenye 10 tangu 2009, kwa hiyo walitutangulia, lakini hapo penyewe ni mbali sana na tulikotoka. Maana yake dizeli inayoshuka melini si mbaya. Ubaya hutokea kati ya ghala na tenki lako: kwenye lori, kwenye kisima cha kituo kinachoingiza maji ya mvua, kwenye vidumu vya pembeni mwa barabara.

Kwa hiyo mjomba nilimwambia hivi. Chagua kituo kimoja au viwili vyenye magari mengi, mafuta yao hayakai. Ukikuta lori linashusha, pita, rudi baadaye, maana uchafu wa chini ya kisima unakuwa umetibuliwa. Dai risiti kila mara, siku ukipata tatizo ndiyo ushahidi wako. Vidumu usiguse hata kama bei inachekesha. Filta ibadilishwe kwa wakati, na iwe nzuri. Ukifanya yote hayo na bado una hela ya ziada, na gari lako ni la komoni reli, basi onja hiyo ya bei juu kwa miezi kadhaa, uandike ulaji kwenye daftari, uamue kwa namba zako mwenyewe.

Na kwa wakubwa nina ombi moja. Sheria inakitaka kila kituo kiweke bango la bei barabarani, tunaliona hata usiku. Matokeo ya kipimo cha mwisho cha vinasaba nayo yabandikwe hapo hapo chini ya bei, na tarehe yake. Dereva asome kabla hajafungua mfuniko wa tenki.

Nawasilisha.